Tulikwenda Uchina Kutazama

Watu wa Lubumbashi waendao Uchina huenda kununua. Jambo hili lajulikana na wote, toka mama auzaye vitenge sokoni hata mwenye duka la vigae na mabomba: hupanda ndege kiwanjani Luano, hushuka Addis Ababa, hupanda nyingine mpaka Guangzhou, na baada ya majuma mawili hurudi na karatasi za kontena. Basi tulipowaarifu wazee wa ukoo ya kuwa sisi nasi tutakwenda Guangzhou, mume na mke na watoto wawili, jambo la kwanza waliloliuliza lilikuwa bidhaa. Tukajibu kwamba hatuendi kununua kitu. Wakauliza kama kuna mgonjwa. Tukajibu hakuna. "Sasa mnakwenda kufanya nini?" Tukasema: kutazama.

Maneno yalikuwa mengi, maana fedha ya nauli ilitoka katika kiwanja. Mshahara wa mwalimu haumfikishi mtu Uchina. Hilo halihitaji maelezo. Mama watoto huuza vitenge, na kwa miaka sita alikuwa akitunza zamu yake ya likelemba. Kaka yake, akaaye Guangzhou kwa biashara, alijitolea tiketi za watoto. Sehemu iliyobaki tuliipata kwa kuuza kiwanja kidogo tulichokuwa nacho nje ya mji. Baba mkubwa alisema mbele ya watu wote ya kuwa mtu huuza ardhi kwa ajili ya ugonjwa, au shule, au maziko, na kwamba hajapata kumsikia aliyeuza ardhi ili akatazame milima ya watu. Tulimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima ipasayo. Kisha tukamweleza habari ya mtoto.

Kifungua mimba wetu alikuwa na umri wa miaka 12. Siku moja tulimkuta barabarani pamoja na wenzake, wakimpigia makelele Mchina mmoja aliyesimama kando ya lori lililoharibika, wakiigiza lugha yake kwa milio ya pua. Yule Mchina alikuwa kijana tu, amelowa grisi mpaka viwikoni, akitazama chini. Tulipomwuliza mwana wetu alichokosewa na mtu yule, alijibu kwa unyofu kabisa: "Hao ndio wanaochukua shaba yetu." Tangu mapatano makubwa ya madini ya mwaka 2008, makampuni ya Kichina yamejaa toka Kolwezi hata Likasi hata hapa kwetu, na malori ya shaba na kobalti yapita mchana na usiku kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Mambo mengi ya kulalamikia yamo katika kazi hiyo, nasi hatuwezi kumwambia mtoto kwamba hayamo. Lakini tuliona hivi: kila mtoto wa Lubumbashi awajua Wachina, wala hamjui Mchina hata mmoja. Wakaa nyuma ya ukuta wa mgodi, wapita katika gari lenye vioo vyeusi, basi. Tulitaka mwana wetu na dada yake wamwone Mchina aliye babu wa mtu, Mchina achelewaye kazini, Mchina afundishaye shule. Na hao hawapatikani Kolwezi.

Baba mkubwa hakuridhika. Hata hivyo, siku ya kuondoka, katikati ya Julai 2024, alikuja asubuhi kwenye baridi na mfuko wa karanga za kukaanga, akawapa watoto.

Tulisafiri wenyewe, bila kampuni ya kuongoza wageni. Wako watakaotaka kujua jinsi ilivyowezekana, kwa hiyo twaeleza kwa ufupi. Viza yetu tuliomba iandikwe ya kuingia mara mbili, kwa sababu atokaye Uchina bara kwenda Macau huhesabiwa ametoka, naye hawezi kurudi kwa viza ya kuingia mara moja. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahauliwe. Mgeni alalaye hotelini huandikishwa na hoteli. Alalaye kwa ndugu ni lazima aandikishwe polisi kabla ya saa 24 kupita, na ndiyo sababu tulichagua hoteli ndogo ingawa shemeji aliona vibaya. Kuhusu fedha, dola moja ilipata yuani saba na kitu, lakini mwenye noti mkononi huonekana kama mtu wa kale: hata muuza viazi vitamu vya kuchoma ana karatasi yenye alama, nawe wamlipa kwa simu. Noti hawazikatai. Tatizo ni chenji.

Twaondoka Lubumbashi tumevaa sweta; twashuka Guangzhou katika joto kama la jikoni wakati wa kusonga bukari kwa ajili ya arusi. Mji huu, ambao wazee wa zamani waliuita Kanton, umekaa juu ya Mto wa Lulu, karibu na bahari. Una mnara wa mita 600 uliofunguliwa mwaka 2010, ambao usiku hubadili rangi kama kinyonga. Watoto walitaka kuupanda, lakini bei ilitushinda, tukautazama toka ng'ambo ya mto, na kutoka huko ndiko uonekanako vizuri zaidi.

Shemeji anakaa upande wa Xiaobei, mtaa ambao kwa miaka mingi umekuwa kituo cha wafanyabiashara wa Afrika. Utasikia Kilingala, Kibambara, Kifaransa cha Abidjan, na tulipopinda kona moja tukasikia Kiswahili cha kwetu, mama mmoja akimgombeza kijana wake juu ya mizigo. Huyo mama hupika bukari na sombe chumbani kwake kwa wateja anaowajua. Binti yetu, aliyekuwa na miaka minane na aliyekuwa amesusa kula tangu Addis Ababa, alikula sahani mbili bila kusema neno.

Lakini Waafrika wa Xiaobei si wengi kama walivyokuwa. Sababu mojawapo ni mambo ya Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, Waafrika wengi walipotolewa katika nyumba na hoteli za Guangzhou, hata wengine wakalala njiani, na serikali kadhaa za Afrika zikapeleka malalamiko. Shemeji yetu alikuwa mmoja wao. Mwenye nyumba, ambaye alikuwa amempokea kodi kwa miaka minne bila neno, alibadili kufuli mchana mmoja. Shemeji akalala chini ya daraja siku tatu pamoja na vijana wawili wa Mbuji-Mayi. Alituhadithia haya mbele ya watoto, nasi hatukumzuia. Usiku wa pili, alisema, alikuja mwanamke auzaye matunda pembeni mwa mtaa, akiwa amejifunika uso kwa barakoa. Akaweka chini mfuko wa mikate na maji, akarudi nyuma hatua kumi, akasimama mpaka walipoanza kula. Usiku wa tatu akaja tena.

Siku iliyofuata tulipelekwa kumsalimu. Ni mwanamke mfupi wa miaka sitini hivi, mwenye sauti ya kugombana hata anapofurahi. Mama watoto alikuwa amebeba toka nyumbani kitenge kimoja cha nta, hajui atampa nani; akampa huyo. Yule mama akakikunjua barabarani, akajifunga juu ya suruali, majirani zake wakacheka mpaka wakashika vifua. Kisha akawajazia watoto kilo mbili za tunda lao la kiangazi liitwalo lychee, lenye ganda jekundu la kukwaruza na nyama nyeupe yenye maji matamu. Wenyeji wa pwani ya Afrika wana ndugu yake aitwaye shokishoki. Mwana wetu alimtazama sana. Njiani akauliza kama mwenye nyumba naye alikuwa Mchina. Tukajibu, ndiyo, wote wawili.

Asubuhi za Guangzhou twazikumbuka kuliko majumba yake. Wazee huamka mapema, huenda katika nyumba za chai pamoja na wajukuu, hukaa humo saa mbili au tatu wakila vitu vidogo vidogo vilivyopikwa kwa mvuke katika vikapu vya mianzi. Mtu akimiminiwa chai hasemi ahsante. Hugonga meza kwa ncha za vidole viwili. Binti yetu aliishika desturi hiyo mara moja, na mpaka leo hugonga meza nyumbani, jambo ambalo bibi yake amelipigia kelele. Na uji! Wachina wa kusini hunywa uji wa mchele asubuhi, mwepesi, wenye vipande vya samaki au yai. Mama watoto alisema kwamba watu wanaompa mgonjwa uji na mtoto uji na mzee uji hawawezi kuwa mbali nasi sana.

Mahali ambapo mwalimu hakutaka kuondoka ni nyumba ya ukoo wa Chen. Jina Chen hubebwa na watu wengi mno kusini mwa Uchina. Zamani za wafalme, watu wa ukoo huo toka wilaya 72 za jimbo la Guangdong walichanga fedha, wakajenga nyumba moja kubwa mjini, kazi iliyokwisha mwaka 1894. Waliijenga ili kuwaheshimu mababu, na pia ili vijana wa ukoo wafikao mjini kwa mitihani ya serikali wapate pa kulala na pa kusomea. Kijana wa Chen toka kijiji cha mbali, asiyemjua mtu, aliweza kuingia mlangoni humo kwa haki ya jina lake. Paa zake zimejaa sanamu za udongo za wapiganaji, wahenga na wanyama, nyingi hata jicho halijui pa kupumzika. Mitihani ile ilifutwa mwaka 1905, muda mfupi tu baada ya nyumba kukamilika, na leo ni jumba la kuonyesha kazi za mikono. Tulikaa uani chini ya mti na kuhesabu ni wanafunzi wetu wangapi waliokuja Lubumbashi toka vijijini kufanya mtihani wa Serikali, wakalala sakafuni kwa watu wasiowafahamu. Ukoo wetu nao una watu wengi, na michango yetu mikubwa ni ya matanga.

Dominika alasiri tulikwenda Misa ya Kiingereza katika kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, ambalo wenyeji huliita Nyumba ya Mawe. Lajengwa lote kwa itale, na minara yake miwili hukaribia mita 60. Kazi ilianza mwaka 1863 chini ya mapadre Wafaransa wa Shirika la Misioni za Nje la Paris, na waashi wa Kichina waliochonga jiwe moja moja kwa mkono. Ikaisha mwaka 1888, yaani baada ya miaka 25. Chini ya ukuta, upande mmoja, pamechongwa "Jerusalem 1863", na upande mwingine "Roma 1863", kwa kuwa udongo wa miji hiyo ulitiwa katika msingi. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni yaliyoanza mwaka 1966 lilifungwa. Baadaye likafunguliwa tena. Kulizunguka pande zote ni soko la samaki wakavu, hata harufu yake huingia mpaka karibu na mlango. "Hapa ni soko la Kenya kabisa," alisema mama watoto, akikumbuka tarafa ya Kenya ya mji wetu na dagaa zake. Ndani walikuwamo Wanigeria kwa wingi, Wafilipino, Wachina vijana, na jamaa nne za Kongo. Waliimba kwa nguvu hata bikizee mmoja wa Kichina aliyekaa mbele yetu akageuka kututazama, si kwa hasira.

Toka Guangzhou tulipanda treni mpaka Guilin. Tungeiita gari-moshi, lakini haina moshi hata kidogo. Ni mwendo wa saa tatu hivi, zaidi ya kilomita 400, njia iliyofunguliwa mwaka 2014, ikipenya mlima na kutoka na kupenya mwingine. Msafiri wa Lubumbashi aendaye Kananga kwa treni hufunga chakula cha siku kadhaa. Hapa hatukumaliza hata karanga za baba mkubwa. Abiria wote walikuwa wameinamia simu zao. Mwana wetu akatunong'oneza: "Kobalti yetu imo humo." Alikuwa na haki. Nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa husafishwa Uchina.

Katika treni hiyo na siku zote za Guilin tulisumbuliwa na picha. Watu wa huko hawaoni Waafrika mara nyingi kama wenzao wa Guangzhou. Walituomba tusimame nao, wengine hawakuomba, na wawili watatu walishika nywele za binti yetu bila hodi. Wasafiri wengine hucheka jambo hili, wengine hukasirika. Mama watoto alifuata njia yake mwenyewe: kila aliyetaka picha alitakiwa kwanza kusema jina lake na kuuliza jina la mtoto. Kwa ishara na kwa ile simu yenye kufasiri lugha jambo liliwezekana, na wengi walikubali kwa furaha. Waliokataa hawakupata picha. Kwa njia hiyo tulikutana na mwalimu wa hesabu toka mji mwingine, aliyetembea na mume wake na mama mkwe. Alituambia ya kuwa darasani ana watoto zaidi ya hamsini. Tukamwambia nasi vivyo hivyo. Tukatazamana, tukacheka, hapakuwa na haja ya simu.

Mintarafu ya milima yenyewe, hatuna maneno mengi. Ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na mvua kwa miaka isiyohesabika mpaka yamebaki vilele vilivyosimama peke yake, kama meno, na Mto Li wapita katikati yake. Mashua hushuka kilomita 83 toka Guilin mpaka Yangshuo. Karibu na Xingping wasafiri wote huinua noti ya yuani 20 juu ya macho yao, kwa sababu mandhari ile ile imechapwa nyuma yake. Tuliwaona pia wavuvi wazee juu ya chelezo za mianzi, kila mmoja na ndege wake mweusi aitwaye mnandi, ambaye hufundishwa kuzamia samaki akiwa amefungwa shingo asimeze. Siku hizi wengi hawavui tena. Hupigwa picha na kulipwa. Lilituuma kidogo. Usafi wa mto lakini, ukipita katikati ya watu wengi vile, ulitufanya tunyamaze, sisi tuliokua karibu na Mto Lubumbashi.

Tukarudi kusini mpaka Zhuhai, na hapo, kwenye lango la Gongbei, tukavuka kwa miguu kuingia Macau. Wareno walikaa hapa tangu mwaka 1557, na Uchina iliurudishiwa mji tarehe 20 Desemba 1999. Majina ya njia yameandikwa kwa Kireno na Kichina juu ya vigae vyeupe na buluu. Nyumba za kamari ni kubwa kuliko makanisa, nasi tulizipita. Tulikuja kuona uso wa kanisa la Mtakatifu Paulo. Mwaka 1835 moto uliliteketeza kanisa wakati wa tufani. Ukabaki ukuta wa mbele tu, juu ya ngazi ndefu, mbingu ikionekana katika madirisha yake. Waliouchonga ni pamoja na Wakristo wa Japani waliokimbia mateso na mafundi wa Kichina: yumo Bikira Maria akikanyaga joka la vichwa saba, na kando yake maneno ya Kichina, imo merikebu ya Kireno, yamo maua ya Japani.

Pale ngazini tuliwapa watoto habari tuliyokuwa tumewawekea tangu nyumbani. Waliyajua ya Dom Pierre-Célestin Lou, Mchina aliyekuwa waziri mkuu wa nchi yake mwaka 1912, akafiwa na mkewe Mbelgiji, akaingia utawani mwaka 1927 katika abasia ya Mtakatifu Andrea karibu na Brugge, abasia ile ile iliyoleta Wabenediktini Katanga tangu mwaka 1910. Hiyo tulifundishwa seminarini, nasi twaisimulia kila mwaka darasani. Nyingine haisimuliwi sana. Mwaka 1892 wakuu wa reli ya Matadi, wakipungukiwa na watu wa kazi, walileta vibarua zaidi ya 500 toka Macau hii. Waliteremshwa Matadi kati ya miamba na joto, wakapewa sululu. Haukupita muda mrefu, wengi wakafa kwa maradhi na kazi, wengine wakatoroka. Reli ilikwisha mwaka 1898. Juu yake walikufa watu wa Kongo, wa Senegali, wa Sierra Leone, na hao wa Macau.

Mwana wetu aliuliza walizikwa wapi. Tukasema, kando ya reli. Akauliza kama watu wa hapa wanajua.

Tulimtafuta padre katika mojawapo ya makanisa ya mjini, tukamkuta ofisini, mzee wa Kichina asemaye Kireno na Kifaransa kidogo. Tukamwomba Misa kwa ajili ya watu wa Macau waliofia Kongo. Alisikiliza, akauliza tena mwaka, akauliza tena mahali. Kisha akafungua daftari la Misa, akashika kalamu, akataka majina ya marehemu. Tukamwambia majina hatunayo. Akakaa kimya kidogo, akaandika kwa Kichina mstari mmoja, akatusomea kwa Kifaransa: watu wa mji huu, reli ya Kongo, 1892. Mama watoto akatoa sadaka. Padre akamrudishia nusu, akasema nusu hiyo ni ya Misa nyingine, ya kusomwa kwetu.